Shemeji Anahubiri Akiwa na Gwanda

Wadogo zangu, nina barua mbili mbele yangu. Walioziandika hawajuani, na nimeondoa kila kitu kinachoweza kuwatambulisha, lakini ukizisoma pamoja utadhani waliandika wakiwa wamekaa benchi moja.

Ya kwanza imetoka kwa mdogo wangu ambaye mumewe ni koplo jeshini. Shemeji ana kipaji cha kuhubiri. Jioni akitoka kazini huegesha simu mezani, anaingia TikTok mubashara na kuhubiri akiwa bado na gwanda, cheo mkononi na jina kifuani. Siku nyingine hakusubiri hata kufika nyumbani, alihubiri akiwa ndani ya kambi. Watazamaji wakaongezeka, wakaanza kumwita Mtumishi Koplo, wengine wakaomba namba ya kutuma sadaka. Kisha kamanda akamwita na kumwagiza afute zile video, na asionekane tena mtandaoni akiwa amevaa gwanda wala akiwa kambini. Akafuta mbili tatu. Kesho yake jioni akarudi hewani, akawaambia watu wake kwamba kuna wakubwa wanaoipiga vita Injili. Sasa ameitwa tena, na safari hii wito umekuja kwa maandishi. Mdogo wangu ananiuliza: nimwambie aache kumtumikia Mungu?

Usimwambie hivyo. Ukimwambia hivyo utakuwa umempa ushahidi anaoutafuta, kwamba hata nyumbani kwake ameanza kupigwa vita. Tena si kweli kwamba jeshi limemtaka aache kumtumikia Mungu. Soma upya maneno ya kamanda kama wewe mwenyewe ulivyoniandikia: video, gwanda, kambi. Mungu hakutajwa. Naanzia hapo kwa sababu shemeji ameunganisha mambo mawili ambayo sheria za nchi zetu zimeyatenganisha, na akiendelea hivyo anaweza kupoteza kazi kwa kutetea jambo ambalo hakuna aliyemkataza.

Wasomaji wangu wako pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo nitataja katiba mbili. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani pamoja na uhuru wa kubadilisha dini, na inasema kutangaza na kueneza dini ni hiari ya mtu binafsi. Askari hakutengwa hapo. Na Katiba hiyohiyo ikitaka kumzuia askari jambo, inalisema waziwazi: ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ikimwachia haki yake ya kupiga kura. Kwa upande wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ina ibara ya 24 inayoorodhesha haki ambazo sheria inaweza kuzipunguza mahsusi kwa wanajeshi na polisi. Humo utakuta faragha, uhuru wa kujiunga na wengine katika vyama, maandamano, mahusiano ya kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za mtu aliyekamatwa. Uhuru wa dini, ambao uko katika ibara ya 32, haumo kwenye orodha hiyo. Unaweza kuwekewa mipaka ya kawaida kama haki nyingine nyingi, lakini kiapo cha jeshi hakimvui mtu imani yake.

Jeshi lenyewe linalijua hilo. Jeshi la Kenya lina makasisi, mapadri na maimamu wake, watu wenye vyeo ambao kazi yao ni roho za askari. Wanazika, wanafungisha ndoa, wanakaa na kijana aliyerudi kutoka vitani Somalia akiwa hapati usingizi. Kwa hiyo, mdogo wangu, mtu akikuambia jeshi halipendi watu wa dini, usimsikilize.

Sasa tuje kwenye gwanda, maana ugomvi wote unaanzia hapo.

Shemeji analivaa, analifua na kulipiga pasi, lakini gwanda si lake. Ni la nchi. Mnakumbuka mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lilivyowapa raia siku 7 kusalimisha mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo. Wako waliolalamika kwamba ni nguo tu, waachiwe. Jeshi halikuiona kama nguo tu, na mimi nakubaliana nalo kabisa. Mtu aliyevaa gwanda anapozungumza, anayemsikiliza hamwoni baba Fulani wa mtaa wa pili. Anaona jeshi. Na jeshi hilo ni la nchi ambayo, kwa ibara ya 3 ya Katiba ya Tanzania, haina dini. Kenya nako ibara ya 8 inasema hakutakuwa na dini ya taifa. Wananchi wenyewe wana dini, na nyingi, na wote wanalipia hilo gwanda kwa kodi zao. Mama wa Kiislamu wa Lamu akifungua simu na kumkuta askari wa nchi yake amesimama na cheo chake akimweleza kwamba njia anayoifuata inampeleka motoni, atajiuliza siku yakimkuta makubwa askari yule atamlinda yeye au atawalinda wa dini yake. Mgeuze huyo mama awe Mlutheri wa Moshi, na askari awe ustadhi mwenye gwanda lilelile. Swali litabaki.

Wapo watakaosema shemeji hajawahi kuitukana dini ya mtu. Nakubali, na wewe mdogo wangu umesisitiza hivyo. Lakini akikaa hewani saa nzima kila jioni huku watu wakimuuliza maswali, siku moja mtu atamuuliza kuhusu dini nyingine au kuhusu mwanasiasa fulani, na jibu lake litakatwa vipande vya nusu dakika na kusambazwa bila yale maneno ya upole yaliyotangulia.

Hata kasisi wa jeshi mwenyewe hana ruhusa ya kutumia sare popote anapotaka. Marekani kulikuwa na kasisi wa Jeshi la Wanamaji aitwaye Gordon Klingenschmitt. Huyu aliajiriwa kwa kazi hiyohiyo ya kuomba na kuhubiri. Machi 2006 alisimama mbele ya Ikulu ya Washington, kwenye mkutano na waandishi wa habari, akiwa ndani ya sare, ilhali alikuwa ameshaamriwa asiivae kwenye shughuli za namna hiyo. Septemba mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ikamkuta na hatia ya kutotii amri halali, na mwaka 2007 akaondolewa jeshini. Yeye alisema ameadhibiwa kwa kuomba kwa jina la Yesu. Kosa alilosomewa lilikuwa la sare na amri. Shemeji asome kisa hicho polepole, maana naye ameanza kusimulia kesi yake kwa namna hiyohiyo kabla hata haijafunguliwa.

Kuna mwingine ambaye kisa chake kinaniuma zaidi. Monifa Sterling alikuwa askari wa cheo cha chini katika kikosi cha Marines huko Camp Lejeune, North Carolina. Mwaka 2013, akiwa katika kipindi kigumu na wakubwa wake, alichapa maneno yanayotokana na mlango wa 54 wa kitabu cha Isaya, akabandika karatasi 3 kwenye meza yake ya kazi. Meza hiyo aliitumia pamoja na mwenzake. Sajenti wake akamwamuru aziondoe. Akakataa. Sajenti akaziondoa mwenyewe, na kesho yake Sterling akabandika nyingine. Mwaka 2014 alifikishwa mahakama ya kijeshi, karatasi zikiwa sehemu tu ya mashtaka, kwa sababu yalikuwepo na makosa mengine ya kutotii na ya kumkosea heshima mkubwa wake. Akashushwa cheo na kufukuzwa kwa rekodi mbaya, rekodi ambayo humfuata mtu kila anakoomba kazi. Alikata rufaa hadi mahakama ya juu ya rufaa za kijeshi, na mwaka 2016 majaji 4 kati ya 5 wakamkatalia. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi yake.

Kwa moyo wangu naona alionewa kidogo. Karatasi tatu! Lakini nilipofuatilia hoja za majaji, kuna jambo lilinifanya nikae kimya nifikiri. Walisema hakuwahi kumwambia sajenti kwamba maneno yale ni ya imani yake, wala hakuomba kibali kwa utaratibu ambao jeshi lenyewe liliuweka kwa ajili ya mambo ya dini. Njia ilikuwepo na hakuipita. Alichagua kubandika tena. Mdogo wangu, shemeji naye amechagua kurudi hewani, na bado hajaandika barua hata moja ya kuomba. Hapo ndipo utakapomsaidia, na nitarudi kwenye barua hiyo.

Kabla ya hapo niruhusuni niifungue barua ya pili, kwa sababu aliyeiandika ndiye mtu ambaye shemeji hamwoni anapohubiri.

Ni askari kijana, amemaliza mafunzo si muda mrefu. Sajenti wake ni mtu wa dini tofauti na yake. Sajenti huyo ameunda kundi la WhatsApp la vijana walio chini yake, na kila alfajiri hutuma video ya mahubiri, tena nyingi ni zake mwenyewe. Mchana kazini anauliza: mmeisikiliza? Wanaojibu kwa furaha hupata maneno mazuri. Kijana anasema hajawahi kutishwa. Hajanyimwa likizo, hajapangiwa gadi ya usiku kwa ajili ya dini yake. Ila kila siku anaandika "Amina, afande", na kila siku akiandika neno hilo anajisikia amemwacha mama yake na dini yao. Anauliza kama ana makosa kujisikia hivyo.

Mdogo wangu, huna makosa hata kidogo. Swali lako limewahi kufika mbali. Ugiriki, maofisa watatu wa Jeshi la Anga, wote wa kikosi kimoja na wote waumini wa kanisa la Kipentekoste, walishtakiwa kwamba miaka ya 1980 walijaribu kuwavuta watu kwenye dini yao. Sheria ya Ugiriki ya mwaka 1938 ililifanya jambo hilo kuwa kosa. Kati ya waliohubiriwa walikuwepo askari wa chini katika kikosi chao, na walikuwepo pia raia wa nje. Maofisa wakatiwa hatiani, wakapeleka malalamiko yao Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Hukumu ikatoka tarehe 24 Februari 1998, na hujulikana kama kesi ya Larissis na wenzake.

Mahakama iliigawa kesi katikati. Kuhusu raia, ikasema maofisa walionewa: raia wale hawakuwa chini yao, wangeweza kusikiliza au kufunga mlango, kwa hiyo kuwaadhibu waliowahubiria kulikuwa ni kuingilia uhuru wa dini. Kuhusu askari wa chini, ikasema Ugiriki haikukosea. Watu walewale, wenye imani ileile, na Biblia ileile mkononi. Kilichotofautisha ni nani aliyekuwa anasikiliza. Mahakama ilieleza kwamba ngazi za vyeo jeshini hugusa kila uhusiano, na askari wa chini huona ugumu kumkatalia mkubwa wake au kuondoka kwenye mazungumzo aliyoyaanzisha mkubwa huyo. Mmoja wa askari alieleza kwamba alijiona analazimika kushiriki mazungumzo yale kwa sababu waliokuwa wakizungumza ni wakubwa zake. Hakuna aliyemshika shati. Cheo kilitosha.

Nimeipenda hukumu hiyo tangu nilipoijua, kwa sababu haikumdharau mhubiri wala msikilizaji. Dini zetu zote mbili kubwa zinafundisha kwamba imani ya kulazimishwa haina thamani. Basi mtu anayetaka waumini wa kweli anapaswa kuwa wa kwanza kuhakikisha kwamba anayemsikiliza anaweza kusema hapana bila kuhofia kesho yake. "Amina" ya kuruta kwa sajenti wake haimwambii sajenti chochote kuhusu moyo wa kuruta. Inamwambia tu kwamba kuruta anajua kuhesabu vyeo.

Wewe mdogo wangu wa barua ya pili, fanya hivi. Acha kuandika Amina usiyoiamini. Siku sajenti yuko peke yake na hana haraka, mwambie kwa adabu yote: "Afande, naheshimu imani yako, nami nina dini yangu. Naomba ruhusa ya kutoka kwenye kundi la mahubiri, na nibaki kwenye kundi la kazi." Usibishane naye dini ipi ni ya kweli. Usimchongee kwa wenzako. Mara nyingi mtu wa namna hiyo hana nia mbaya, na ombi la wazi humshtua akajirekebisha. Lakini ukiona baada ya hapo zamu zako zimebadilika ghafla, au lugha imekuwa kali, andika tarehe na kilichotokea, kisha umwone kiongozi wa dini yako kambini kama yupo, au afisa anayefuata juu ya sajenti. Huko si kuchongea. Ni utaratibu wa malalamiko ambao sheria ya jeshi imekuwekea.

Narudi kwa shemeji. Nadhani ameshaanza kuona kwa nini kundi la TikTok halina tofauti kubwa na kundi la sajenti yule. Anaamini anazungumza na raia wa mbali, ambao kwa mujibu wa kesi ya Ugiriki ana haki zaidi ya kuwahubiria. Kumbe vijana walio chini yake kikosini wanazo simu pia. Wanamwona. Na yeye anaona majina yao wakiingia.

Lakini katika yote aliyoyafanya, lililonitia hofu kuliko mengine ni ile sentensi ya kwamba kuna wakubwa wanaoipiga vita Injili. Gwanda ni kosa la kurekebishika, mtu analivua yakaisha. Sentensi ile ni jambo jingine. Koplo amesimama mbele ya umati na kuwaambia kwamba viongozi wake ni maadui wa Mungu. Sisi raia tunaweza kuilaumu ofisi yetu hadharani, pengine tukaonywa, maisha yakaendelea. Askari ameshika silaha kwa niaba yetu sote, na tunaweza kulala kwa amani kwa sababu tu silaha hiyo inasikiliza amri. Afrika Mashariki tumeshawahi kuonja hali nyingine. Januari 1964 askari wa kambi ya Colito jijini Dar es Salaam waliasi, na siku chache baadaye moto ukashika kambi za Jinja nchini Uganda na Lanet nchini Kenya. Tanganyika ilibidi ivunje jeshi lililorithiwa kutoka kwa mkoloni, na JWTZ ikazaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, juu ya msingi mpya. Kamanda wa shemeji amelelewa ndani ya kumbukumbu hiyo.

Na Uganda iliona kinachotokea unabii unapoingia kwenye safu za wapiganaji. Mwaka 1986 Alice Lakwena alianzisha vuguvugu lake la Roho Mtakatifu kaskazini mwa nchi, na wengi wa waliomfuata walikuwa askari wa jeshi lililokuwa limeshindwa. Aliwaahidi kwamba wakipakwa mafuta aliyoyabariki risasi hazitawadhuru. Walisonga wakiimba hadi karibu na Jinja, na mwishoni mwa mwaka 1987 wakasambaratishwa huko, vijana wengi mno wakiwa wamekufa. Shemeji si Lakwena, na mtu asije akanisoma hivyo. Nataka tu aelewe kwamba afisa anayesikia neno la kinabii kutoka kwa askari mwenye wafuasi hafikirii TikTok. Anafikiria mambo yaliyokwisha kutokea.

Kuna pia jambo la usalama, nalipita haraka kwa sababu naamini shemeji alifundishwa kuliko mimi. Nyuma ya mhubiri kwenye video kuna ukuta, geti, gari, mlio wa king'ora, saa ya kutoka kazini ambayo haibadiliki. Januari 2018 iligundulika kwamba programu ya Strava, wanayoitumia watu wa mazoezi ya kukimbia, ilikuwa imechapisha ramani inayoonyesha njia walizokuwa wakikimbia askari ndani ya kambi za kijeshi katika nchi mbalimbali. Wale askari hawakusema neno. Walikimbia tu na simu zao. Zaidi ya hayo, picha ya askari mwenye gwanda na uso wa upole ndiyo hasa wanayoiba matapeli ili kuwaibia wanawake mitandaoni, na mdogo wangu, sitaki siku moja upigiwe simu na dada wa mbali akidai mumeo amemchumbia.

Na ile namba ya sadaka ifungwe. Leo. Zawadi za TikTok nazo zizimwe. Mshahara wake unatoka serikalini, na pesa zinazoingia kwenye simu ya koplo kutoka kwa watu asiowajua zitaulizwa zilikotoka, na hata kama kila shilingi ililisha yatima, atakuwa na kazi ngumu kueleza mbele ya watu ambao tayari hawamwamini. Kama anataka kusaidia yatima, kanisa lake lina akaunti na mhasibu.

Nanyi makamanda, kaka zangu na dada zangu, najua baadhi yenu husoma kona hii kupitia wake na waume zenu. Askari mwenye bidii ya dini mkimwita, msimcheke. Msimsimamishe kwenye paredi na kumfanya mfano. Mpeni sababu, maana amri iliyoelezwa haipungui nguvu. Na kipimo kiwe kimoja: kama koplo Mkristo amekatazwa kuhubiri akiwa na gwanda, basi na luteni Mwislamu anayetoa darasa mtandaoni akiwa na gwanda akatazwe siku hiyohiyo, na yule meja ambaye video yake ya kuimba kwaya akiwa na sare inasambazwa na nyinyi wenyewe kila Krismasi aitwe pia. Askari huona haraka sana nani ameachwa. Mkimbana mmoja na kumwacha mwingine, hadithi ya kupigwa vita itakuwa imepata mashiko, nanyi mtakuwa mmeitengeneza.

Sasa, mdogo wangu wa barua ya kwanza, usiku wa leo. Watoto wakilala, mketishe mumeo na umwambie unapenda anavyoipenda Injili, na kwamba hutaki aiache. Kisha umwambie atii kwanza. Azihifadhi nakala za mahubiri yake kwa ajili yake mwenyewe, halafu afute mtandaoni kila video yenye gwanda au yenye kambi, zote, bila kubakiza ile aliyoipenda. Asitoe tangazo la kuaga. Asiseme "mtaelewa baadaye." Anyamaze tu. Akiitwa, aende na kofia mkononi, aseme: afande, nimetii, na nilikosea kuzungumza vile kuhusu viongozi wangu. Najua sehemu ya mwisho itamkwama kooni. Aiseme.

Baada ya hapo ndipo aandike barua. Aipitishe kwa mkubwa wake wa karibu kama utaratibu unavyotaka, na kama kambi ina kasisi amwonyeshe kabla hajaipeleka. Aombe mambo machache yanayojibika: kuhubiri kanisani kwake siku za mapumziko na likizo akiwa na nguo za kiraia, kurekodiwa akiwa hapo kanisani, bila cheo, bila jina la kikosi, bila neno lolote linaloonyesha kwamba ni askari, ukurasa ubadilishwe jina, Mtumishi Koplo afutike, na kama kuna sharti ambalo yeye halijui, aelekezwe. Vijana walio chini yake asiwaalike, na wakija wenyewe asiwaulize kazini kama walisikiliza.

Wakimkatalia hata hayo, yaani wakimwambia asihubiri kabisa, popote, hata akiwa raia miongoni mwa raia kanisani kwake, hapo mambo yanabadilika, na mimi nitakuwa upande wake. Ombi la pili liende ngazi ya juu, kwa maandishi, na atafute wakili anayejua sheria za jeshi. Zile ibara nilizozitaja ziliandikwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Lakini hajafika huko bado, na akipeleka malalamiko leo, video zile zikiwa bado hewani, atasikilizwa kama mtu aliyegoma.

Kuna uwezekano mwingine, na wewe unaujua kuliko mimi kwa sababu unalala naye chumba kimoja. Huenda kweli ameitwa awe mhubiri kwa maisha yake yote, na jeshi limeanza kumbana kama kiatu kidogo. Kama ndivyo, akamilishe mkataba wake, aombe kuondoka kwa heshima na vyeti vyake mkononi, kisha aende chuo cha Biblia. Wapo wachungaji wazuri waliokuwa askari. Mnaweza kukaa na kupiga hesabu pamoja: nyumba, ada za watoto, mafao. Uamuzi huo ni wenu wawili, na mtu aliyefukuzwa hapewi nafasi ya kuuchagua.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Kaa naye mezani anapoiandika, kwa sababu ile sentensi ya wakubwa wanaoipiga vita Injili itatafuta pa kupenya, pengine kwenye aya ya mwisho, kwa maneno ya upole kidogo. Ikitokea, mwambie aikate, aandike upya. Asaini kwa namba yake ya jeshi, atoe nakala moja ya kuweka nyumbani, na aiwasilishe kabla ya tarehe iliyo kwenye wito.